Lambo la Ng'ombe Wachache

Siku moja ninayoikumbuka vizuri ilianza na salamu. Mama Sikujua alikuwa amesimama katikati ya kitalu chake cha mpunga, maji yamemfika magotini, miche inaelea kumzunguka kama majani ya chai kwenye kikombe. Mimi nilikuwa juu ya tuta la mfereji na fimbo yangu begani, nyuma yangu ng'ombe za baba. Akaninyooshea kidole, akasema, "Kamwene!"

Wasangu ndivyo walivyo, mwanangu. Hata akitaka kukumeza, atakusalimia kwanza.

Nikaitikia. Ndipo akaendelea. "We mtoto wa Msukuma, hawa ng'ombe wenu mnawalisha nini, mbona hawana akili hata ya kuku? Kuku akiona tuta anaruka. Ng'ombe wako akiona tuta analikalia!"

"Hajalikalia, mama, amelikanyaga tu. Angelikalia, angeziba hapo maji yanapotokea."

Donge la tope likanipata shingoni. Mama yule alikuwa na shabaha.

Nakuhadithia haya kwa sababu yako. Juzi ulipokuja hapa Kihesa kutoka huko kwako Soweto, Mbeya, ulikaa kwenye kiti changu na kompyuta mapajani, unalaani wateja. Uliwatengenezea programu. Kabla hujaanza uliwauliza watakaoitumia ni wangapi, wakakwambia wachache. Siku ya kuanza wakaja wengi, programu ikalala chini. Ukaniambia, "Baba, watu ni waongo." Mimi nikanywa chai yangu. Kompyuta siijui. Elimu yangu ni darasa la saba, na hata hiyo saba nilimaliza kwa sababu nilikaa dawati moja na mtu anayejua hesabu. Lakini hilo neno, wachache, nalijua sana. Lilikaribia kutuhamisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, huko bondeni Usangu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka barabara kuu pale Igawa. Sisi tulikuwa wageni. Babu yako, Mzee Masunga, alitoka Usukumani na ng'ombe zake kutafuta majani, na njiani tulihama na kuhama mpaka mama akawa anafunga vyungu bila kuambiwa. Tulipofika Usangu mama akasema basi. Akajenga nyumba ya udongo, akapanda mihogo. Mtu aliyepanda mihogo hataki kuhama, mwanangu, kwa sababu mihogo hailiwi kesho.

Shida yetu ilikuwa ya kijinga kabisa. Nyumba yetu iko huku, mto uko kule, na katikati unapita mfereji wa wakulima. Ng'ombe lazima anywe. Akienda mtoni anavuka mfereji, akivuka anabomoa tuta, tuta likibomoka maji yanaingia kwenye vitalu vya watu hapo karibu, na majaruba ya mpunga ya kule mbele yanabaki makavu. Kwa hiyo waliofurika wanatuchukia, na waliokaukiwa wanatuchukia.

Si kwamba hatukujaribu. Wakulima waliweka miiba. Ng'ombe wakaizunguka, wakabomoa mahali papya. Tukawapiga wavuke kwa kuruka; ng'ombe anayerukishwa anatua vibaya kuliko anayetembea. Mimi na kaka zangu tukatandika magogo juu ya mfereji, tukapata daraja zuri la kupigia picha. Sasa, ng'ombe hapandi kitu kinacholia ndo-ndo-ndo chini ya kwato na kuonyesha maji kwenye nyufa. Kulikuwa na jike mweupe aliyeongoza kundi, tulimwita Bibi Harusi kwa maringo yake. Alinusa gogo la kwanza, akanitazama, akageuka, akaenda kuvukia kando ya daraja. Kundi lote likamfuata. Wakabomoa tuta kulia na kushoto. Kilichobaki kizima ni daraja. Nasikia na nyie mna programu za namna hiyo, za kuonyesha wageni, watu wenyewe wanapita kando.

Basi, kile kitalu cha Mama Sikujua ndicho kilichoitisha mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu wa utaratibu, kila mtu ndugu, kila jambo kikao. Wakulima walisema tuondoke, tuvuke bonde lote, twende tutakakokwenda. Mwenyekiti akawatuliza. Akasema tupewe nafasi moja ya mwisho: lichimbwe lambo upande wetu, lijazwe maji ya mfereji, ng'ombe wanywe hukohuko wasivuke. Tuta likibomolewa tena, tufunge mizigo. Baba akakubali. Mama alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake, nikamwona anavuta kanga yake mpaka kidevuni.

"Sasa, Ndugu Masunga," mwenyekiti akauliza, "ili tujue lambo liwe la ukubwa gani, una ng'ombe wangapi?"

Baba akaitazama kofia yake mikononi. "Wachache."

"Wachache wangapi?"

"Wachache tu, ndugu mwenyekiti. Ving'ombe."

Watu wakaguna. Asubuhi ileile vumbi la hivyo ving'ombe lilikuwa limeziba jua.

Usije ukamcheka babu yako, ngoja nikueleze. Kwetu ng'ombe hatajwi kwa idadi mbele za watu. Mwenyewe unamjua mmoja mmoja, rangi yake, mama yake, na alivyoingia zizini, kama ni kwa mahari ya dada yako au kwa pesa ya pamba. Akikosekana mmoja jioni, unajua kabla hujanawa mikono ule. Lakini kuitamka hesabu ni kumwonyesha njia fisi, na ugonjwa, na mtu wa kodi. Baba aliwaogopa wote watatu, ila fisi kidogo. Kwa hiyo hakudanganya. Alijibu kama mtu mwenye adabu anavyojibu swali lisilo na adabu.

Na mwenyekiti naye, ukimtazama vizuri, hakuwa mjinga. Kwake yeye kilichosemwa kwenye kikao ndicho kilichopo, na kisichosemwa hakipo, hata kama kimesimama pale nje kinalia moo. "Kikao kimesikia wachache," akasema. "Lichimbwe la wachache."

Nikacheka. Kaka yangu akanikanyaga mguu. Watu wazima wote pale walijua, na wote wakaenda nyumbani kuchukua majembe.

Tukachimba, wao na sisi. Lambo la duara, limekaa vizuri kama sufuria ya harusi, maji yakaingia, watu wakapongezana. Siku ya kwanza tukawaleta ng'ombe. Bibi Harusi akatangulia, akanywa kwa heshima zake. Wenzake wa mbele wakazunguka ukingo, ukajaa. Waliobaki nyuma, ambao ndio kundi lenyewe, maji hawayaoni, wanayanusa tu. Wakasukuma. Wa mbele wakaporomokea ndani, maji yakawa uji. Wa nyuma walipofika wakakuta uji, wakainua vichwa, wakageuza pua upande wa mfereji. Nilipiga mluzi mpaka midomo ikaniuma. Tuta likaenda, na safari hii lilikwenda na kipande kikubwa.

Mwenyekiti akatuma mtu: kikao kitakaa Jumapili, watu wakishatoka kanisani. Mama alimsikiliza yule mtu mpaka mwisho, akamshukuru, akachukua jembe, akaenda kupalilia mihogo. Baba akamtazama anavyopalilia, akaondoka kwenda zizini. Nikamfuata.

"Baba, itaje tu hiyo idadi. Mnong'oneze mwenyekiti peke yake. Tuchimbe shimo linalolingana, yaishe."

"Shija."

"Naam, baba."

"Una meno mangapi mdomoni?"

Nikaanza kupapasa kwa ulimi.

"Unaona? Hujui, na unakula."

Hapo ndipo nilipojua huu mdomo wangu nimeurithi wapi. Lakini Jumapili ilikuwa bado inakuja.

Kesho yake nilikuwa ndani ya lambo nazoa tope, kaka zangu wamesimama na fimbo kwenye mfereji kulinda pale palipozibwa upya. Mama Sikujua akaja, jembe begani. Nadhani alikuja kuona kama tumeanza kufunga mizigo.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

"Mnahama lini?"

"Mama anasema mihogo ikikomaa."

"Mihogo ipi? Ile aliyopanda majuzi?"

"Hiyohiyo."

Akacheka puani, bila kupenda, halafu akaukaza uso. Nikaona nimepata mtu wa kumlalamikia. Nikamwambia kosa lote ni la baba. Angetaja idadi kwenye kikao, lambo lingetosha, na yeye asingefurikiwa tena.

Hapo akashusha jembe. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yenyewe bado ninayo.

"Usimsingizie mzee wako. Mimi kwenye kikao nilikuwepo, na ng'ombe zenu nazijua, zimelala kitaluni kwangu. Tuliwaona sote. Tukaacha tulichokiona, tukachimba tulichokisikia. Mimi mwenyewe nilichimba. Sasa unakaa hapo unamlaumu mdomo wake, macho yako umemwazima nani? Haya, tuseme kataja. Mwakani majike yakizaa mtachimba lingine? Na mwaka unaofuata? Bonde lote mlijaze mashimo, mimi mpunga niupande kwenye kofia ya baba yako?"

Nikaendelea kuzoa tope.

"Toka humo," akasema. "Maji yakijaa, waite kaka zako wawalete ng'ombe kidogo kidogo. Wewe njoo ukae hapa. Usipige mluzi, usipige fimbo. Angalia."

Tukakaa kwenye udongo uliochimbuliwa, mimi na mtu aliyetaka nihamishwe, tunatazama ng'ombe wakinywa. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuzoa tope. Nilitaka kusema kitu kila dakika, na kila nikifungua mdomo ananitazama, naufunga.

Baada ya muda akasema, "Maji yamebaki mengi. Ona hapo katikati. Hakuna mdomo hata mmoja."

Kweli. Ukingo wote umejaa ng'ombe, katikati maji yametulia yanasubiri mtu. Siku zote tulikuwa tunabishana ukubwa wa shimo, na shimo lenyewe halikuwa na neno.

"Wako kama watu pale Igawa sukari ikifika dukani," nikasema. "Aliyefika dirishani hatoki, wa nyuma anasukuma, na dirisha ni moja."

"Na mwenye duka afanyeje?"

"Atoboe madirisha ukuta mzima."

Nilisema kwa mzaha. Akageuka. "Sema tena."

Nikasema tena, safari hii bila mzaha, maana nami nilianza kukiona ninachokisema. Ukuta mrefu, madirisha mengi. Akasimama, akalikokota jembe chini, akachora mstari: kutoka ulipo mfereji, kuteremka sambamba nao upande wetu, mrefu, mwembamba kama mlango umelazwa.

"Maji yaingie huku juu," akasema. "Yapite mbele ya midomo yao. Yatembee, yasikae, yasije yakawa uji. Yatokee kule chini, mtaro upite chini ya mfereji kwa gogo lililotobolewa katikati."

"Yakishatokea yaende wapi?"

"Kwangu," akasema, haraka mno. "Kwenye jaruba langu. Yaende na mavi yake yote."

"Mama! Kumbe shida yako ni mavi yetu!"

"Nataka mavi ya ng'ombe. Yenu bakini nayo."

Ndipo nikamwelewa. Tangu tuhamie alikuwa anaitazama samadi ikilundikana zizini kwetu na shamba lake likichoka, na hakuwa na njia ya kuomba kwa watu anaowarushia tope. Akaongeza na siku za kulimiwa kwa plau na maksai wa baba. Nikamwambia nitamfikishia mzee. Akasema usimfikishie, mwambie ndiyo bei.

"Na wakizaa?" nikauliza.

"Mnaurefusha mkiani, huku chini. Huku juu unakoshikana na mfereji hapaguswi. Mtu atakayepagusa nitamzika humo."

Tulianza kuchimba siku ileile. Kaka zangu walikuja, wakwe zake walikuja, watu ambao juzi walikuwa wanatukanana wakawa wanagombania sururu. Upande wa kunywea tukapanga mawe ili ukingo usimeguke. Upande wa pili tukaweka miiba, ileile iliyoshindwa mwanzo, na safari hii hakuna ng'ombe aliyehangaika nayo, kwa sababu hakuwa na shida ya kupita. Baba alikuja tulipokuwa karibu kumaliza. Akautazama urefu wake.

"Mmechimba kwa ng'ombe wangapi?"

"Hatukuhesabu, baba."

Akatembea kutoka juu mpaka chini, mikono nyuma, akarudi. "Haya," akasema. "Huyo mama maksai atawapata." Mtu aliyekuwa ameinama kama jani lililonyauka toka siku ya kikao, nikamwona anatembea wima.

Jumapili watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja mtaroni, na viatu vyao vizuri mkononi. Ng'ombe wakaletwa wote. Bibi Harusi akashika nafasi ya juu kabisa, maji yanapoanzia, kama ilivyo haki yake. Aliyefuata akakuta nafasi pembeni yake, na aliyefuata naye, na kila aliyefika akiwa na kiu alikuta mahali pa kuweka mdomo. Hakuna aliyesukuma, maana hakuna aliyekuwa nyuma. Wakanywa, wakageuka, wakaenda kulala kwenye majani. Watu walisimama wakisikiliza ile sauti ya kunyonya, tuta la mfereji liko palepale, na maji meusi mazuri yanaelekea kwa Mama Sikujua, ambaye alikuwa anajifanya hayaoni.

Mwenyekiti akautembea mtaro wote. Akasimama mbele ya baba. "Ndugu Masunga, kikao kitataka kujua. Wamekunywa ng'ombe wangapi?"

Baba akaitazama kofia yake.

"Ndugu mwenyekiti," akasema Mama Sikujua, "kiambie kikao wamekunywa."

Mwenyekiti akafikiri. Aliupekua utaratibu wote kichwani, hakuona mahali panapokataza. "Kikao kimesikia wamekunywa," akasema. Habari ya kuhama haikutajwa tena, siku ile wala baadaye. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Alikuwa kwenye mihogo. Akanisikiliza, akainama tena, akasema, "Shika jembe, upande ule bado una majani."

Mtaro ule ulirefushwa mara kadhaa. Baadaye mto wenyewe ukabadili njia, mfereji ukahamishwa, mtaro ukafukiwa. Sikuulilia. Ulifanya kazi yake. Na babu yako mpaka anaaga dunia hakuitaja ile idadi, na mimi ninayeijua sitakutajia.

Sasa nisikilize, mwanangu, hapa sitanii. Wateja wako si waongo. Mmoja anasema wachache kwa sababu anaogopa utampandishia bei, mwingine hataki bosi wake ajue, mwingine kweli hajui maana hajawahi kukaa akatazama. Ukimuuliza mtu swali ambalo kwake halina jibu la kusemeka, atakupa jibu la adabu, na wewe ukijenga juu ya adabu yake, kitaanguka. Usimkamue. Nenda ukakae pembeni ya kazi yake, ufunge mdomo, uone watu wanajazana wapi na wapi pamebaki patupu. Utachoka. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, hiyo ya kuandika ni ya vidole.

Ukishaona, usikimbilie kutafuta namba sahihi. Tafuta umbo ambalo namba ikibadilika halibomoki. Ujue mapema ni upande gani utakaokua, uuache wazi, na ile sehemu inayowashikilia wote usiichokonoe kila msimu. Ukikutana na mtu anayekurushia tope, muulize anataka nini, maana mara nyingi anakitaka kile ambacho wewe unakitupa. Na kitu chako kikimaliza siku zake, kiache kifukiwe, utengeneze kingine. Usikiabudu.

Haya, nimesema mengi, na chai imepoa. Mungu akupe macho yasiyochoka upesi, na akupe rafiki mmoja mkali wa kukuambia tazama. Akujalie wateja wasemao kweli, na akikunyima hao, akujalie subira ya kuwaelewa. Kazi ya mikono yako imfikie kila mwenye kiu bila kusukumana, na pale utakapopanda, mwanangu, ukae mpaka uvune.